Bahasha kabla ya boom: tuliyojifunza kuhusu mkopo wa chuo huku Nyanda za Juu Kusini

Kijana wa Makete, Ileje au Kilolo anapoomba mkopo wa elimu ya juu, hakuna afisa atakayepanda milima kwenda kuangalia nyumba ya kwao. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, inamjua mwombaji kwa kile tu kilichoingia kwenye mfumo wake. Baba akiwa amefariki na kifo hakijasajiliwa, kwa mfumo baba yuko hai. Ada ya sekondari ikiwa ililipwa na kanisa lakini barua ya kanisa haikuambatishwa, kwa mfumo aliyelipa ni mzazi, na mzazi aliyemudu shule binafsi anahesabiwa kuwa atamudu na chuo. Baada ya kukaa na vijana wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wakijaza maombi haya, tunalolisema kwa kila mzazi ni kwamba kazi ya mkopo ni kazi ya vyeti, na inaanza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Dirisha la maombi, kwa miaka ya karibuni, limekuwa likifunguliwa Juni au Julai na kufungwa kuelekea mwisho wa Agosti. Likiongezwa huongezwa siku chache. Anayesubiri matokeo ndipo aanze kutafuta cheti cha kuzaliwa anabakiwa na wiki chache za kufanya kazi inayoweza kula miezi miwili. Wakati mzuri wa kununua bahasha ya kaki na kuanza kuijaza ni kijana akiwa kidato cha tano, likizo ya Desemba, wakati foleni za ofisini ni fupi na hakuna anayekimbizana na tarehe.

Kitu cha kwanza ndani ya bahasha ni cheti cha kuzaliwa. Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili: kuwa na cheti, na cheti hicho kuwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Bodi inataka cha pili. Mwombaji anaingia kwenye mfumo wa RITA kwa njia ya mtandao, anapakia nakala ya cheti, anapata namba ya malipo, analipa kwa simu, kisha anasubiri jibu kwamba cheti kimeonekana kwenye kumbukumbu. Kwa vyeti vipya vya kompyuta jibu huja haraka. Vyeti vya zamani, vile vya kuandikwa kwa mkono, ndivyo vinavyoleta shida, kwa sababu wakati mwingine kumbukumbu ya wilayani haikuwahi kufika makao makuu. Hapo RITA humrudisha mtu wilaya ile ile iliyotoa cheti. Aliyezaliwa Tukuyu na sasa anaishi na mjomba Chunya itabidi arudi Rungwe, na safari hiyo ikiangukia wiki ya mwisho ya Agosti maombi yanaweza kumwachia njiani.

Asiye na cheti kabisa anaanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa kuchukua barua, kisha anakusanya ushahidi wa kuzaliwa: kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, vitambulisho vya wazazi. Maombi yanapitia mfumo wa RITA na usajili unafanyika wilayani, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ushauri wetu hapa ni mmoja: nenda na ushahidi zaidi ya unaodhani unahitajika. Mtu aliyetoka Lupila au Ikuwo kwenda Makete mjini kwa gari la asubuhi hana sababu ya kurudi kesho yake kwa ajili ya nakala moja ya kitambulisho cha mama.

Halafu yanakuja majina, na hapa lazima tukae kidogo, maana ndipo maombi mengi ya ukanda huu yanapokwama. Majina yetu yanaandikwa kwa kusikia. Mwalimu wa darasa la kwanza akisikia Ambakisye, anaandika Ambakisie. Asifiwe inakuwa Asifiwa. Jina la ukoo linapoteza “y” kwenye cheti kimoja na kuirudisha kwenye kingine. Mwenye jina anajua ni yeye yule, na kijiji kizima kinajua, lakini mfumo unalinganisha herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), akaunti ya benki. Kimoja kikitofautiana, mahali fulani pataandikwa kwamba taarifa hazilingani.

Cheti kipi kifuatwe? Sisi tunasema fuata cha kidato cha nne, kwa sababu namba ya mtihani ya kidato cha nne ndiyo uti wa mgongo wa maombi yote. Udahili wa chuo unatumia namba hiyo, na mkopo unatumia namba hiyo hiyo. Kurekebisha jina NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ni safari ndefu. Kuhakikisha kitambulisho na akaunti ya benki vinafuata jina la NECTA ni rahisi zaidi, ilimradi lifanyike kabla kadi ya NIDA haijatoka. Kwa tofauti ndogo ya tahajia, hasa kwenye jina la mzazi, hati ya kiapo kutoka kwa wakili au hakimu inaweza kutosha. Kama mtu amebadilisha jina zima, kwa mfano alisoma sekondari kwa jina la baba mlezi huku cheti cha kuzaliwa kina jina la baba mzazi, kiapo peke yake hakitoshi. Inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo si kazi ya siku mbili.

Namba yenyewe ya mtihani nayo ina mtego wake. Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili, moja ya shule inayoanza na S na nyingine ya mtahiniwa wa kujitegemea inayoanza na P. Atumie kwenye mkopo ile ile aliyoombea chuo. Tumeona kijana ameombea chuo kwa ya S, akaombea mkopo kwa ya P kwa kuwa ndiyo yenye ufaulu mzuri zaidi. Kwa Bodi hao wakawa watu wawili: mmoja ana chuo bila maombi ya mkopo, mwingine ana maombi ya mkopo bila chuo. Anayetoka stashahada aongeze na namba ya uhakiki wa tuzo kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na stashahada, na aitafute mapema.

Sasa yatima. Njombe ndio mkoa ulioongoza kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2016/17, asilimia 11.4 ya watu wazima, na hali hiyo ilikuwa mbaya kwa miaka mingi kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba kwenye vijiji vyetu kuna vijana wengi wanaolelewa na bibi, ambao wazazi wao walizikwa nyumbani bila kifo kuandikishwa popote. Kaburi lipo nyuma ya nyumba, cheti hakipo. Na bila cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, uyatima hauhesabiwi. Kusajili kifo cha miaka 10 iliyopita kunawezekana: barua ya mtendaji, kibali cha mazishi kama kilihifadhiwa, kadi au karatasi za hospitali kama alilazwa, vitambulisho vya ndugu walioshuhudia, kisha ofisi ya usajili ya wilaya. Kinachoumiza ni muda. Bibi anayelea wajukuu watatu asisubiri wa kwanza afike kidato cha sita. Akisajili vifo hivyo mara moja, vyeti vitawatumikia wote watatu. Yatima wa mzazi mmoja anahitaji cheti kimoja, yatima kamili anahitaji vyote viwili. Cheti kimoja kikikosekana, yatima kamili anasomeka kama mtoto aliyebaki na mzazi mmoja.

Aliyefadhiliwa sekondari au stashahada na kanisa, shirika au mtu binafsi achukue uthibitisho wa ufadhili kwa fomu inayotolewa na Bodi, iliyojazwa na mfadhili mwenyewe na kugongwa muhuri. Maneno ya jumla ya kwamba “tulimsaidia” hayasaidii sana. Iandikwe alilipiwa nini, kuanzia kidato kipi hadi kipi, na kama ufadhili umekoma. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, anahitaji fomu yake ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, ule wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ina namba yake. Inakiliwe kwa usahihi kutoka kwenye kitambulisho cha kaya, isisomwe kwa simu na mtu aliye kijijini.

Kuna wazazi wanaodhani wakiandika kidogo kuhusu kazi zao watasaidia, na wengine wanadhani wakidanganya watasaidia zaidi. Kudanganya ni kosa kisheria, na pia hakuna haja. Mama anayeuza ndizi soko la Kiwira anafanya biashara, sawa, lakini ni biashara ya mafungu mezani, na mkono unaojaza fomu uandike hivyo kila mahali panapouliza. Tumekuta fomu zenye neno “mfanyabiashara” tupu, bila maelezo, na mwenye kusoma hana namna ya kumtofautisha mama huyo na mwenye duka la jumla Mwanjelwa.

Maombi yenyewe hufanyika kwenye mfumo wa Bodi unaoitwa OLAMS. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, na hairudishwi hata kama mkopo haukupatikana. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu yeyote. Anayesema ana ndugu makao makuu atakayepitisha asilimia 100 kwa laki moja ni tapeli, hata kama amevaa tai na ameletwa na mtu wa kanisani.

Wengi wa kijijini hujazia maombi steshenari, na hakuna ubaya. Vijana wa steshenari wa Vwawa, Rujewa au Mafinga wanaujua mfumo kuliko walimu wengi. Lakini wana haraka, hasa Agosti. Kosa la kawaida kabisa ni kijana wa steshenari kuweka barua pepe na namba ya simu yake mwenyewe ili kazi iende. Miezi mitatu baadaye Bodi inatuma ujumbe wa kurekebisha kiambatisho, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu aliyeko Mafinga, mwombaji yuko shambani Kilolo hajui chochote. Fungua barua pepe yako mwenyewe kabla ya kwenda, andika nywila kwenye daftari, na tumia laini ya simu uliyoisajili kwa jina lako na utakayokuwa nayo mwaka mzima. Kisha, kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, omba ichapwe rasimu, toka nje, kaa kwenye benchi, isome neno kwa neno ukiwa na vyeti mkononi. Ukishathibitisha, kurekebisha kunasubiri hadi Bodi ifungue dirisha la marekebisho, na dirisha hilo linafunguliwa kwa siku chache tu.

Fomu ikishachapwa inazunguka kwa watu watatu. Mdhamini anasaini na kuweka picha yake na nakala ya kitambulisho; mzazi anaruhusiwa kuwa mdhamini. Serikali ya kijiji au mtaa inathibitisha kwamba mwombaji ni mkazi. Mwisho ni wakili au hakimu anayethibitisha viapo. Mpangilio huo una sababu: wakili hawezi kushuhudia sahihi ya mdhamini ambaye hajafika, kwa hiyo mdhamini aende naye. Mtendaji wa kijiji hakai ofisini kila siku, mara yuko kwenye mkutano wa kata, mara wilayani. Mpigie simu kabla, na ukifika angalia wino wa muhuri. Muhuri uliofifia kwenye karatasi ukipigwa skani haubaki kitu. Kwa viapo, hakimu wa mahakama ya mwanzo mara nyingi ni nafuu na yuko karibu kuliko wakili wa mjini.

Kurasa zenye sahihi na mihuri zinapigwa skani na kurudishwa kwenye mfumo. Tunasema skani, si picha ya simu iliyopigwa juu ya goti. Hapa ndipo maombi mazuri yanapoharibikia hatua ya mwisho: kivuli cha mkono juu ya sahihi, ukurasa uliokatwa pembeni muhuri ukabaki nusu, kurasa mbili zilizobadilishana nafasi, faili zito mfumo ukalikataa na mwombaji akaondoka akidhani limeingia. Baada ya kupakia, fungua kila kiambatisho hapo hapo kwenye kompyuta, ukione kwa macho. Na usiende wiki ya mwisho. Mfumo unaelemewa, umeme wa kwetu unakatika, na kwa wakili foleni inafika mlangoni.

Wanaopangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita wana tatizo la pekee. Kambini, iwe Itende, Mafinga au Mlale, kijana hana uhuru wa kushika simu wala kutoka kwenda mjini, na miezi hiyo ndiyo miezi ya maombi. Kabla hajaripoti aache nyumbani bahasha iliyokamilika: vyeti vilivyohakikiwa, picha za pasipoti kadhaa, namba ya NIDA, namba ya akaunti, barua pepe na nywila yake, na mtu mmoja aliyekubali kuifuatilia. Mtu huyo asiwe yeyote aliyepatikana. Awe dada au mjomba anayesoma vizuri na mwenye simu inayoingia mtandaoni. Sahihi ya mwombaji mwenyewe ndiyo inayobaki. Ulizeni mapema utaratibu wa kambi kuhusu hilo badala ya kumsainia, maana sahihi ya kughushi inaweza kuangusha maombi yote.

Mkopo hauwezi kupangwa kwa mtu ambaye Bodi haioni chuo chake. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu aliyoombea udahili, ndani ya muda uliotangazwa na TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu. Hapa tena laini ya simu ya steshenari huleta maafa.

Majina ya waliopangiwa hutoka kwa awamu, kuanzia Oktoba, na mwombaji anaona mgao wake kwenye akaunti yake binafsi ndani ya mfumo, ile inayoitwa SIPA. Asiyekuwemo awamu ya kwanza asikate tamaa siku hiyo hiyo. Awamu nyingine hufuata. Mgao usomwe kwa vipengele, kwa kuwa jumla inadanganya. Kuna ada ya mafunzo, inayokwenda moja kwa moja chuoni. Kuna chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, iliyopanda kutoka 8,500. Kuna vitabu na viandikwa, hadi 200,000 kwa mwaka. Kuna mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo kutegemea kozi. Kijana anaweza kupata chakula na malazi karibu chote, huku ada akipewa robo. Mzazi anayesikia “amepata milioni mbili na nusu” hajui kama chuo bado kinadai milioni moja. Chukua ada iliyoandikwa kwenye barua ya udahili, toa kiasi cha ada kilicho kwenye SIPA, na kinachobaki ndicho mnachotafuta. Vyuo vingi hupokea kwa awamu. Uliza ofisi ya uhasibu ratiba yake kabla ya kuuza ng’ombe.

Sasa tuseme kuhusu fedha za kuanzia, ambazo familia nyingi zinazisahau zikidhani mkopo umemaliza kila kitu. Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Boom ya kwanza, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi, haimsubiri mwanafunzi getini. Kwanza ajisajili, chuo kipeleke taarifa, kisha asaini kwa afisa mikopo wa chuo, ndipo fedha ziingie benki. Wiki kadhaa zinaweza kupita. Katika wiki hizo kuna nauli, kuna godoro na blanketi zito (Mbeya na Iringa si Dar), kuna ada ya udhibiti ubora ya TCU 20,000, kuna bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa muda mrefu imekuwa 50,400 kwa mwaka, isipokuwa kama ana kadi ya bima inayofanya kazi. Aliyekosa hosteli anatafuta chumba, Ikuti au Iyunga kwa wa chuo cha MUST cha Mbeya, Kihesa na maeneo ya Mkwawa kwa wa Iringa, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Kalenda ya mkulima wa huku inagongana na kalenda ya chuo vibaya sana. Mahindi yanavunwa Juni hadi Agosti, bei ikiwa chini kabisa. Mpunga wa Kyela na Mbarali hutangulia kidogo. Mzazi anauza yote wakati huo kulipa madeni ya msimu, na Novemba inapofika, mtoto akiwa anataka kodi ya chumba, mvua nazo zinaanza na mbolea inatakiwa shambani. Familia inalazimika kuchagua kati ya mtoto na shamba. Njia tuliyoona ikifanya kazi ni kutenga magunia ya chuo siku ile ile ya kupukuchua, kabla ya mnunuzi hajafika uani: magunia manne au matano yanayowekewa dawa ya kuzuia wadudu, yanafungwa, na hayaguswi hadi Oktoba bei inapokuwa imepanda. Kwa wa Mbozi, sehemu ya malipo ya kahawa iwekwe akaunti ya mtoto moja kwa moja. Na kijana aende chuo na chakula: unga debe moja, maharage, mchele kilo kadhaa, mafuta lita mbili. Mzigo huo unampunguzia wiki tatu au nne za kula kwa mkopo wa rafiki.

Akaunti ya benki iwe ya mwanafunzi mwenyewe, kwa jina linalofanana na la maombi, na iwe hai. Akaunti ya mwanafunzi iliyofunguliwa kidato cha tano na kulala miaka miwili inaweza kuwa imefungwa, na fedha zikigonga mwamba hurudi, kisha marekebisho yanaanza upya wakati wenzake wanakula. Kusaini nako kuna muda wake. Fedha zisizosainiwa hurudishwa Bodi, kwa hiyo anayekwenda nyumbani kwa msiba amjulishe afisa mikopo kabla ya kuondoka.

Mgao wa siku 60 kwa 10,000 ni 600,000, na kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja ni fedha nyingi siku ya kwanza. Kodi ilipwe siku hiyo hiyo, kisha kinachobaki kigawanywe kwa wiki nane. Wanaonunua simu kwa boom ya kwanza tunawakuta wiki ya sita wakiomba nauli ya daladala. Wazazi nao wasipige simu wakiomba “kidogo tu cha mbolea”. Tunajua hali ilivyo nyumbani, lakini ile ni fedha ya chakula, na mtoto mwenye njaa hufeli mtihani, na aliyefeli anauweka mkopo wake wa mwaka unaofuata hatarini, kwa kuwa Bodi huangalia matokeo kabla ya kuendelea kumlipia.

Aliyekosa au aliyepata kidogo ana dirisha la rufaa, kwa kawaida baada ya awamu za mwanzo kutoka. Rufaa ya maneno matupu hubadili kidogo sana. Rufaa inayobeba karatasi ambayo haikuwepo mwanzo, cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, uthibitisho wa ufadhili, fomu ya ulemavu, ndiyo yenye nguvu. Ndiyo maana hata dirisha la kwanza likifungwa, kazi ya RITA isisimame. Bodi ina ofisi ya kanda Mbeya mjini, na kwa tatizo lisiloeleweka kwa simu ni bora kufika na bahasha nzima kuliko kuzunguka kwa watu wa mitandaoni.

Wenye ufaulu wa juu sana katika masomo ya sayansi wafuatilie pia Samia Scholarship, ulioanza 2022/23 na kusimamiwa na Bodi hiyo hiyo. Huo haurejeshwi. Na kuanzia 2023/24 kuna mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya na ualimu, kwa hiyo kijana ambaye alama zake hazikumfikisha shahada asidhani mlango umefungwa.

Wapo wazazi wanaokataa mtoto asiombe kwa kuogopa deni. Waambiwe masharti yalivyo. Mkopo huu hauwekewi shamba wala nyumba rehani. Marejesho yanaanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani mwenye 800,000 anakatwa 120,000. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake au si chini ya 100,000 kwa mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikifanya deni lisishuke, iliondolewa 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa wanaochelewa iliondolewa pia. Imebaki asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, inayotozwa mara moja.

Vigezo vya umri na miaka vinawahusu wanaofikiria kusubiri: mwombaji asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Aliyeanza mwaka wa kwanza bila mkopo, akajilipia kwa shida, anaruhusiwa kuomba akiwa mwaka wa pili kama mwanafunzi anayeendelea na masomo. Wengi hawalijui hili, wanaacha chuo Februari ada ya muhula wa pili inapodaiwa. Kabla ya kufungasha godoro, kijana aende dawati la mikopo la chuo chake, aulize tarehe za dirisha lijalo, aombe ofisi ya uhasibu impangie ada iliyobaki, na kama kuacha hakukwepeki aandike barua rasmi ya kuahirisha mwaka ili nafasi yake isipotee. Ile bahasha ya kaki aende nayo.